Kuhesabu Marejeo: Jinsi Bibliometria Inavyopima Kazi ya Jarida la Kitaaluma

Msimu wa maombi ya kupanda vyeo ukikaribia, wahadhiri huanza kuja kwetu maktabani mmoja mmoja. Wengi wao makala wanazo tayari, na swali lao ni moja: "Jarida hili lina impakti fakta ngapi?" Wanaulizia namba inayoonyesha makala za jarida hurejelewa mara ngapi kwa wastani. Nikijibu kwamba halina, wapo wanaoinuka wakidhani nimewaambia jarida halifai. Sikusema hivyo. Nawaandikia wao, na wahariri wa majarida yetu, na yeyote ambaye kodi yake hugharimia utafiti wa vyuo vya umma na angependa kujua utafiti huo unapimwa vipi.

Bibliometria ni kuyahesabu maandishi ya kitaaluma ili kuona yanavyokwenda: nani ameandika, akiwa taasisi gani, pamoja na nani, kwa lugha gani, amewarejelea akina nani, na baadaye nani amemrejelea yeye. Neno lenyewe lilienea baada ya Mwingereza Alan Pritchard kulipendekeza mwaka 1969, ila kazi yake ilitangulia jina kwa miongo kadhaa, na mojawapo ya mizizi yake iko mahali ninapopajua vizuri: kwenye bajeti ndogo ya maktaba.

Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross wa Chuo cha Pomona, California, walikuwa na tatizo ambalo kila mkutubi analijua. Chuo kidogo, fedha haba, majarida ya kemia mengi. Yanunuliwe yapi? Hawakumwendea profesa kumuuliza anapenda lipi. Walichukua juzuu ya mwaka 1926 ya jarida kuu la kemia la Marekani, wakahesabu marejeo yote yaliyomo, 3,633, kisha wakapanga orodha ya majarida yaliyotajwa mara nyingi. Hilo ndilo lililokuwa jibu lao. Angalia walichokitafuta: walitaka kujua kabati la maktaba lijazwe nini. Hawakuwa wakimpima mtu yeyote.

Miaka saba baadaye S. C. Bradford, msimamizi wa maktaba ya Makumbusho ya Sayansi, London, alikusanya makala 1,332 za jiofizikia tumizi zilizochapishwa kati ya mwaka 1928 na 1931. Zilitoka katika majarida 326. Alipoyapanga kwa wingi wa makala, majarida 9 tu ya mwanzo yalikuwa na makala 429. Yaliyofuata, 59, yalikuwa na 499. Makala 404 zilizobaki zilikuwa zimetawanyika katika majarida 258, hili lina moja, lile lina mbili. Hadi leo kila fani ninayoifungua naikuta na sura hiyohiyo: kiini kidogo kilichoshiba, na pembeni uwanda mpana wenye punje hapa na pale. Maktaba inayonunua kiini peke yake hupata sehemu nzuri ya fani kwa bei ndogo, lakini ijue kwamba sehemu kubwa zaidi ya maarifa iko nje ya rafu zake.

Hapo ndipo alipoingia Eugene Garfield wa Philadelphia. Mwaka 1955 alipendekeza faharasa ya marejeo ya sayansi, yaani orodha ya nani amemrejelea nani, na mwaka 1964 faharasa hiyo ikawa bidhaa inayouzwa. Ili kuchagua majarida ya kuingiza humo, yeye na mwenzake Irving Sher waliona kwamba wakihesabu marejeo bila zaidi, majarida makubwa yanayochapisha makala nyingi yatayafunika madogo yaliyo bora. Wakagawanya idadi ya marejeo kwa idadi ya makala. Kigezo cha athari, yaani hiyo impakti fakta, kilizaliwa hivyo, kwa nia ya kulitetea jarida dogo. Nasikitika kila ninapoona leo kinavyotumiwa kulifukuza.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 katika miaka ya 2022 na 2023 kwa pamoja. Mwaka 2024, makala hizo 40 zikarejelewa mara 60. Gawanya 60 kwa 40: kigezo cha mwaka 2024 ni 1.5. Basi. Ila ndani ya mgawanyo huo mwepesi kuna maamuzi matatu yaliyofanywa kwa niaba yako. Kwamba tunachukua wastani. Kwamba dirisha ni miaka miwili. Na kwamba rejeleo ni lile tu linalotoka katika machapisho yaliyomo kwenye kanzidata ya anayehesabu.

Nianze na wastani, maana ndio unaodanganya watu wengi zaidi. Mwaka 2008 jarida la Acta Crystallographica, sehemu A, lilichapisha makala ya George Sheldrick wa Göttingen, Ujerumani, kuhusu historia ya SHELX, programu za kompyuta zinazotumiwa kung'amua muundo wa fuwele. Ikisiri yake ilieleza kwamba makala hiyo inaweza kutumika kama rejeleo la jumla kwa yeyote anayezitumia programu hizo. Wanakemia wa dunia nzima wakafanya hivyo, maelfu kwa maelfu. Kigezo cha jarida hilo, kilichokuwa takriban 2, kikaruka hadi 49.926 mwaka 2009, kikawa cha pili ulimwenguni, juu ya Nature na juu ya Science. Dirisha la miaka miwili lilipoipita makala hiyo, kigezo cha mwaka 2011 kikashuka tena hadi karibu na 2.

Sasa mfikirie mtafiti mwingine aliyechapisha katika jarida hilohilo mwaka 2008. Makala yake haikubadilika hata nukta. Lakini mwaka mmoja fomu yake ingesomeka "kigezo 49.9" na miaka miwili baadaye ingesomeka "kigezo 2". Ni mfano uliokithiri, nakubali, ila umbo lake ni la kila siku. Mnorwe Per Seglen alionyesha mwaka 1992 kwamba katika majarida aliyoyachunguza, asilimia 15 ya makala ndizo zilizobeba nusu ya marejeo yote. Nyingi zilizobaki zilirejelewa mara chache, na baadhi hazikurejelewa kabisa. Kwa hiyo mhadhiri anapoandika kigezo cha jarida pembeni ya makala yake, ameazima sifa iliyotafutwa na waandishi wachache wengine. Kamati inayotaka kujua makala yake imepokewaje na iangalie marejeo ya makala hiyo, au bora zaidi iisome.

Pili, dirisha. Katika biolojia ya molekuli makala hutoka, husomwa na kujibiwa ndani ya miezi. Katika isimu, fasihi na historia mwendo ni mwingine kabisa. Makala ya uchambuzi wa tenzi ikichapishwa leo, huenda mwanafunzi wa uzamili akaikuta mwaka kesho, akaandika tasnifu mwaka unaofuata, na msimamizi wake akaitumia katika kitabu baada ya hapo. Rejeleo la kwanza likichapishwa, dirisha la miaka miwili limeshafungwa. Na makala hiyohiyo inaweza kuendelea kurejelewa miaka thelathini. Yapo majarida yenye marejeo machache kila mwaka ambayo kwa miaka hamsini hayajaacha kusomwa, na kipimo cha miaka miwili hakina jicho la kuyaona.

La tatu, nani anahesabiwa, ndilo linalotuhusu zaidi sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Rejeleo lililomo katika kitabu kilichochapwa Dar es Salaam, katika tasnifu iliyohifadhiwa Dodoma au Eldoret, au katika jarida jingine la Kiswahili lisilo kwenye kanzidata, halihesabiwi. Hata kwa majarida ya fani za sanaa na utu yaliyomo kwenye kanzidata kubwa ya Web of Science, kigezo cha athari hakikutolewa hadi mwaka 2023. Mhadhiri wa fasihi aliyeulizwa impakti fakta ya jarida lake kabla ya hapo aliulizwa kitu ambacho hakikuwapo kwa fani yake nzima, iwe ameandika kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza. Mwaka huohuo wachapishaji wa kigezo waliacha pia kukionyesha kwa tarakimu tatu baada ya nukta, wakabakisha moja. Tarakimu tatu zilikuwa zimewafanya watu wengi waamini kwamba 1.432 ni bora kuliko 1.429.

Kipo pia kiashiria cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: jarida lenye makala 12 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 12, lakini halifikishi 13 kwa masharti hayohayo, lina h ya 12. Ni rahisi kukielewa na hakiyumbishwi na makala moja iliyolipuka kama ile ya fuwele. Lakini hakishuki kamwe, na kwa asili yake humpendelea mkongwe. Usilinganishe jarida la mwaka 1970 na la mwaka 2015 kwa kipimo hicho.

Je, jarida lisilo kwenye kanzidata kubwa haliwezi kupimwa? Linaweza, na nimeona wahariri wakifurahi kama watoto walipoona hesabu ya kazi yao wenyewe kwa mara ya kwanza. Linahitaji jedwali la kompyuta, uvumilivu, na nakala za matoleo yote. Kila makala inapewa mstari wake: mwaka, juzuu, waandishi wote kwa mpangilio wao, taasisi ya kila mmoja, lugha, mada, idadi ya marejeo, na kila rejeleo likiandikwa peke yake. Tahariri, taazia na mapitio ya vitabu yawekwe kando, yasichanganywe na makala za utafiti, maana idadi ya makala ndiyo utakayogawanyia.

Kinachokula muda ni kusafisha majina. Chukua jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lilianza mwaka 1930 kama bulletini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, baadaye likaitwa Journal of the East African Swahili Committee, kisha Swahili, kisha Kiswahili. Kwa msomaji ni mti mmoja uliokua. Kwa kompyuta ni majarida manne yasiyojuana, na marejeo yake hugawanyika mafungu manne. Ongeza kwamba jina la sasa ni jina la lugha yenyewe: ukilitafuta mtandaoni bila kuweka juzuu na mchapishaji, utaletewa kila kitu kilichowahi kuandikwa kuhusu Kiswahili.

Taasisi nazo hubadilika. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya chuo hichohicho, iliunganishwa na Idara ya Kiswahili mwaka 2009, ikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Anayehesabu mchango wa taasisi kwa miaka ishirini bila kuyajua hayo ataandika kwamba TUKI iliacha ghafla kufanya utafiti, na kwamba kuna taasisi mpya iliyoibuka na nguvu za ajabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo hutajwa katika makala nyingi mno za isimu, inaweza kuandikwa chini ya TUKI, chini ya T.U.K.I., chini ya jina refu la Kiswahili, au chini ya jina la Kiingereza la taasisi. Usipoyaunganisha, kitabu kimoja kilichorejelewa sana kitaonekana kama vitabu vinne vilivyorejelewa kidogo.

Halafu majina ya watu. Mifumo hii ilitengenezwa na watu wanaodhani kila binadamu ana jina la ukoo mwishoni. Kwetu wengi wana jina lao, la baba na la babu. Makala moja humrejelea mtu kwa jina la babu, nyingine kwa la baba. Mohamed huyu ana m moja katikati, kesho ana mbili, keshokutwa ni Muhammad. Aliyeolewa akabadilisha jina amegawanyika mara mbili. Tangu mwaka 2012 ipo namba ya bure iitwayo ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo mtafiti hubaki nayo hata jina lake likiandikwa vipi. Nawasihi wahadhiri wote wajisajili. Huchukua dakika chache, na kazi ya miaka yote huacha kupotea.

Jedwali likishasafishwa, maswali yanayojibika ni mengi kuliko ile namba moja ya wahadhiri wangu. Mmoja wa waanzilishi wa hesabu hizi, Alfred Lotka, aligundua mwaka 1926 katika maandishi ya kemia na fizikia kwamba waandishi wenye makala mbili ni kama robo ya wenye makala moja, wenye tatu ni kama sehemu moja ya tisa, na kuendelea hivyo, na kwamba takriban asilimia 60 ya waandishi huandika mara moja tu. Mhariri anaweza kulinganisha jarida lake na umbo hilo. Akikuta kwamba watu watano, wote wa idara yake, ndio wanaorudi kila toleo, ajue jarida limegeuka kuwa gazeti la idara. Akikuta kwamba karibu kila mwandishi alikuja mara moja akaondoka, ajiulize kwa nini hawarudi: mapitio yanachukua miaka? Matoleo yanachelewa?

Swali jingine ninalolipenda ni la marejeo yanayotoka, si yanayoingia. Katika makala zilizoandikwa kwa Kiswahili, ni sehemu gani ya marejeo ni ya maandishi ya Kiswahili? Je, inaongezeka mwaka hadi mwaka? Hapo utaona kama wanataaluma wa lugha hii wanasomana na kujibizana, au kila mmoja anaandika kwa Kiswahili huku akizungumza na Ulaya peke yake. Hakuna kanzidata ya kimataifa itakayotuhesabia jambo hilo, kwa sababu halimhusu mteja wake. Ni letu.

Unaweza pia kuchora ramani. Makala mbili zinazorejelea kazi zilezile zina undugu, jambo lililotumiwa na M. M. Kessler wa MIT mwaka 1963. Kazi mbili zinazotajwa pamoja mara kwa mara zina undugu wa aina nyingine, ulioelezwa na Henry Small mwaka 1973. Programu ya VOSviewer, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, hutolewa bure na huchora undugu huo kwa rangi. Picha zake hupendeza kwenye ripoti. Ziangalie baada ya kusafisha majina, si kabla.

Kwa kutafuta marejeo yanayoingia, Google Scholar ndiyo inayofika mbali zaidi kwa Kiswahili, kwani hukusanya tasnifu, vitabu na hazina za vyuo. Lakini mara nyingine huhesabu nakala mbili za kitu kimoja kuwa vitu viwili, na haichagui. Kila rejeleo lifunguliwe na kusomwa. Ndiyo, moja moja. Katika kusoma huko utajua pia kama aliyerejelea amejenga juu ya hoja, amepinga, au ametaja jina tu katika mabano yenye majina saba.

Kuna madhara yanayotokea pale namba inapokuwa ndiyo hukumu. Nchini Brazil, mfumo wa taifa wa kupima programu za uzamili na uzamivu ulitazama vigezo vya majarida ambamo watafiti na wanafunzi walichapisha. Majarida madogo ya nchini yakaona yatakimbiwa. Wahariri wa majarida manne ya tiba wakakubaliana kuchapisha makala zilizojaa marejeo ya kila mmoja kwa mwenzake, ili vigezo vipande. Mwaka 2013 yaligunduliwa na kuondolewa kwenye orodha ya vigezo inayotolewa kila mwaka. Orodha ya mwaka huo iliyafungia jumla ya majarida 66 kwa mwenendo wa marejeo usio wa kawaida. Kosa lilikuwa kosa. Lakini wahariri wale walikuwa wakijaribu kuokoa majarida ya nchi yao kutoka katika kanuni iliyokuwa ikiyaua, na aliyetunga kanuni ana sehemu yake katika lawama.

Kwetu hatari iliyo karibu zaidi ni ya kitapeli. Wahariri hupokea barua pepe za kampuni zinazojitolea kuwapa "impakti fakta" kwa ada, zenye majina yanayofanana kwa makusudi na la kipimo halisi. Kigezo cha athari hutolewa na Clarivate, kampuni yenye Web of Science, peke yake, katika ripoti inayotoka kila mwaka, na jarida haliombwi kulipia kuhesabiwa. Ukiona jarida jipya la mtandaoni linatangaza kigezo kikubwa, linaahidi kuchapisha ndani ya siku tatu na linataka malipo kabla ya mapitio, njoo maktabani kabla ya kutuma fedha. Tutaangalia pamoja, bure.

Wanasayansi wenyewe wameshaliona tatizo hili. Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013, linazitaka taasisi ziache kutumia kigezo cha jarida kama mbadala wa ubora wa makala au wa mtafiti katika ajira, vyeo na ruzuku. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ina kanuni kumi. Ya kwanza inasema hesabu iisaidie hukumu ya wataalamu, na ya tatu inataka ulindwe ubora wa utafiti wenye umuhimu wa mahali ulipofanyika, ikieleza kwamba sehemu nyingi za dunia ubora umechukuliwa kuwa ni kuchapisha kwa Kiingereza. Ningetamani kanuni hiyo ya tatu ibandikwe mlangoni kwa kila kamati ya vyeo Afrika Mashariki.

Wahariri wanaotaka kuanza wasianze na miaka hamsini. Chukueni juzuu tano za mwisho, mjaze jedwali, halafu mlete. Na kabla ya toleo lijalo kuna kazi ndogo isiyohitaji mtaalamu: andikeni katika mwongozo wa waandishi jina kamili la jarida lenu linavyopaswa kurejelewa, namba yake ya utambulisho ya ISSN, na mpangilio mmoja wa majina matatu ya mwandishi. Kisha mwambieni msahihishaji asiiruhusu makala yoyote ipite bila hayo.